Ruzuku ya kujiandaa na dharura Lamu: pampu, boti na redio kabla ya Juni 30

BintiAmu

Assalaam aleikum wanabaraza.

Naomba mwongozo wa wanaojua fedha za kaunti, na wa wanaojua vifaa pia, maana haya mawili yanakwenda pamoja. Idara ya zimamoto na maafa imepata ruzuku ya masharti. Pesa ziliingia katika akaunti maalumu Benki Kuu katikati ya Januari, na leo ni tarehe 5 Februari. Mkataba wa ruzuku umetaja vitu vinne: pampu tatu za moto za kubebeka (moja Amu, yaani mji wa Lamu, moja Faza, moja Mokowe upande wa bara), boti moja ya uokoaji, redio za VHF pamoja na jaketi za kuokolea, na mafunzo ya kamati za kujitolea. Mafuta na matengenezo hayakutajwa popote.

Hali ya mji mnaijua. Gari la zimamoto haliingii vichochoroni, na kule nyuma ya mji paa za makuti zimegusana. Kaskazi ikivuma, moto huruka paa hadi paa kabla watu hawajapanga mstari wa ndoo.

Sasa ofisini kuna rai mbili. Ya kwanza ni kununua moja kwa moja kwa muuzaji mmoja bila zabuni, kwa hoja kwamba hivi ni vifaa vya dharura na sheria inaruhusu ununuzi wa dharura. Ya pili ni kwenda kwa zabuni ya wazi, lakini wenye rai ya kwanza wanasema Juni itatukuta na pesa mkononi na zitarudishwa. Ipi ni sahihi? Na vipimo vya pampu na boti tuandikeje ili tusiletewe vitu visivyofaa visiwani? La mwisho, mafuta yatoke wapi?

Mhasibu_Pwani

Waaleikum salaam dada. Naanza na hiyo rai ya kwanza kwa sababu ndiyo yenye hatari.

Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015, kifungu cha 103, inaruhusu kununua moja kwa moja pakiwa na vita, machafuko, janga la asili au haja ya haraka ambayo zabuni haiwezi kuingoja. Watu wengi husoma hadi hapo wakafunga kitabu. Sentensi inaendelea: lazima hali iliyoleta uharaka iwe haikuweza kutabirika na ofisi inayonunua, wala isiwe imetokana na uzembe wa ofisi hiyo. Moto wa makuti wakati wa kaskazi unatabirika. Boti kuzama wakati wa kusi kunatabirika. Isitoshe, ruzuku yenyewe inaitwa ya kujiandaa, na mkataba wake ni ushahidi ulioandikwa kwamba mlijua mapema. Mkaguzi hatahitaji kutafuta hoja nyingine. Jina la kifaa halibadilishi njia ya kukinunua: mpira wa zimamoto unaonunuliwa Februari kwa ajili ya moto ambao haujatokea ni bidhaa kama karatasi za ofisi.

Njia ya pili ya mkato ambayo huwa inafuata ya kwanza ikikataliwa ni kugawa: pampu ya Amu kwa nukuu za bei, ya Faza kwa nukuu nyingine, ya Mokowe kwa nyingine, ili kila moja iwe chini ya kiwango kinachodai zabuni ya wazi. Kifungu cha 54 kinakataza hilo waziwazi. Pampu tatu za aina moja, mwaka mmoja, pesa za mfuko mmoja, ni ununuzi mmoja.

Sasa hesabu ya siku, ambayo ndiyo itawatuliza wale wa rai ya kwanza. Chukua kalenda uanze kurudi nyuma kutoka Juni 30, mwaka wa fedha unapofungwa.

Tuseme tangazo linatoka Februari 24 na zabuni zinafunguliwa Machi 10. Sheria inaipa kamati ya tathmini siku 30 kwa ukomo, na kamati nyingi huzitumia zote kwa sababu wanachama wake hawakutolewa kwenye kazi zao za kawaida. Mkizitumia zote mtafika Aprili 9. Barua za matokeo Aprili 13. Baada ya barua, mkataba hauwezi kutiwa sahihi kabla ya siku 14 kupita, kwa hiyo ni mwisho wa Aprili. Mpe mzabuni siku 45 za kuleta mali na mtakuwa katikati ya Juni, wakati maombi ya kutoa pesa ya kaunti zote yamerundikana kwa Msimamizi wa Bajeti na IFMIS, mfumo wa malipo wa serikali, inalemewa. Akitokea mzabuni mmoja kulalamika kwa Bodi ya Rufaa, ambaye ana hizo siku 14 za kufanya hivyo, bodi ina siku 21 za kuamua na ununuzi unasimama. Hapo mmeingia Julai.

Tathmini ikikamilika kwa siku 10 badala ya 30, barua zinatoka Machi 24, mkataba unasainiwa Aprili 8, mali inafika takriban Mei 23. Hata rufaa ikitokea, siku 21 zinawatosha. Kwa hiyo pigania siku hizo 20 za kamati. Afisa Mkuu awateue kwa barua mapema, awaondolee kazi nyingine kwa wiki mbili, na awepo mtu mmoja anayezijua pampu kweli, maana tathmini hukwama kwa watu kubishana juu ya vipimo ambavyo hakuna anayevielewa.

Kabla ya tangazo, hakikisha mambo mawili. Vitu hivi viwe ndani ya mpango wa ununuzi wa mwaka, na pesa ziwe ndani ya bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti. Pesa kuwa Benki Kuu hakutoshi. Kama ruzuku ilikuja baada ya bajeti kupita, inahitaji bajeti ya ziada kwanza. Kifungu cha 53 kinamkataza afisa mhusika kuanza ununuzi kabla hajaridhika kwamba fungu lipo.

Kuhusu "kurudishwa": Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 136, inasema idhini ya matumizi hufa mwaka wa fedha unapoisha. Kinachokufa ni idhini. Salio hubaki kuwa pesa za kaunti mpaka mkataba wa ruzuku useme vinginevyo, na mwaka unaofuata mnaliingiza tena kwenye bajeti. Ni usumbufu, na aliyetoa ruzuku anaweza kupunguza awamu inayofuata, lakini ni heri usumbufu huo kuliko kulipia boti ambayo bado ni kalibu ya fiberi kwenye karakana. Msilipe kabla ya kupokea. Sheria inaruhusu malipo ya awali kwa hali za kipekee tu, yasizidi asilimia 20 ya bei, tena kwa dhamana.

FundiGatini

Bi Amu, mimi nitajibu la vipimo, na nitakaa sana kwenye pampu kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi za umma hupotea kimya kimya.

Pampu haivuti maji, inaondoa hewa kwenye mpira na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji juu. Kwa hesabu, usawa wa bahari unaruhusu kama mita 10. Kwa vitendo, pampu nzuri na viungio visivyovuja, ni mita 7. Sasa simama ukutani mwa gati la Amu siku ya bamvu (maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu) maji yakiwa yamepwa. Tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu siku za bamvu inapita mita 3, kisha ongeza urefu wa ukuta wenyewe juu ya maji yaliyojaa. Kimo bado kimo ndani ya uwezo, lakini maji yameondoka ukutani: mbele yako ni tope na mashua zilizolala ubavu. Mpira wa kuvutia unaokuja na pampu kwa kawaida ni vipande viwili vya mita 3. Mita 6 haifiki popote. Pampu itanguruma na hakuna tone litakalotoka.

Kwa hiyo kwenye hati ya zabuni usiandike "pampu ya lita 1,000 kwa dakika" ukanyamaza. Andika uwezo huo upatikane kwa kimo gani cha kuvuta (sema mita 3) na kwa shinikizo gani (sema bari 6), na uombe mchoro wa uwezo wa pampu kutoka kiwandani. Andika vipande vinne vya mpira wa kuvutia kwa kila pampu, chujio la chuma, na kamba ya kulishikilia chujio. Chujio lizame angalau sentimita 60 chini ya uso wa maji. Likiwa juu zaidi linazungusha maji na kunyonya hewa, likigusa chini linanyonya mchanga. Kwa Amu ningeongeza sharti kwamba pampu iweze kufanya kazi ikiwa ndani ya dau bapa lililosogezwa kwenye maji, maana hiyo ndiyo njia ya uhakika zaidi maji yakipwa. Uzito nao utaje. Pampu ya kiasi hicho huwa kama kilo 90 hadi 100, watu wanne kwa mishikio minne, na upana wa fremu upite kwenye kichochoro chenu chembamba kabisa mahali patakapohitajika kupita. Upimeni kwa utepe kabla ya kuandika hati. Msikisie.

Maji ya chumvi. Impela (gurudumu la ndani linalosukuma maji) na vizibo viwe vya shaba nyeusi (bronzi). Alumini hutafunwa na chumvi hasa pale ilipogusana na chuma cha pua. Kila baada ya kutumika, pampu ipigwe maji matamu dakika 10, kisha ikaushwe. Maana yake pale inapolazwa pawe na tangi la maji matamu, nalo liingie kwenye bajeti. Petroli ikikaa miezi kabureta huziba kwa gundi, kwa hivyo iwashwe kila wiki dakika 10, na mafuta ya zamani yamwagwe kwenye injini inayotumika kila siku.

Mipira ya kutoa maji: hapa ndipo kosa la viungio hutokea. Kuna aina ya Kiingereza ya kuchomeka kwa kubana, na kuna ya Kijerumani, Storz, ya kuzungusha. Hazishikani. Mkinunua pampu yenye moja na mipira ya zamani ya stoo ina nyingine, usiku wa moto mtakuwa na vyuma viwili vinavyotazamana. Chukua kipande kimoja mlichonacho sasa, mkipige picha, kipimeni kipenyo, na hati iseme vyote vipya vilingane nacho. Sharti hili liwe la lazima, lisiwe la kupewa alama.

Ukubwa wa mpira: njia kuu kutoka baharini iwe milimita 64, kisha kigawanyo, kisha mbili za milimita 38 kwa watu wanaoingia vichochoroni. Msikubali mtu awashauri 38 tangu mwanzo kwa sababu ni nyepesi na rahisi. Kwa maji yaleyale, mpira wa 38 hupoteza shinikizo takriban mara 13 zaidi ya ule wa 64. Mita 250 kutoka ukutani ni mipira 10 ya mita 25 kwa mstari ulionyooka. Vichochoro havinyooki, ongeza miwili, na mwingine wa kubadilisha ukipasuka kwa kukwaruza matumbawe.

Na jambo ambalo halimo kwenye orodha yenu lakini kama mkataba unaruhusu kubadilisha kidogo, liombeni kwa maandishi: matangi ya lita 10,000 kule nyuma ya mji, mbali na bahari. Bomba moja la kurushia la lita 250 kwa dakika linapata dakika 40 kutoka tangi hilo. Pamoja na hayo, upondo mrefu wa mkoko wenye ndoano ya chuma, kumi kwa kila mtaa, wa kuvutia makuti chini na kufungua pengo mbele ya moto. Fundi wa kwenu anatengeneza, na kwa moto wa makuti pengo hilo lina thamani kuliko pampu ya pili.

Boti sasa. Fiberi, mita 7 hadi 8, injini mbili za nje. Sababu ya mbili ni kwamba injini ikizimika nje ya mkondo wakati wa kusi, mwokoaji anakuwa mwokolewa. Chini isiwe na kina kirefu, maana mkondo wa Mkanda hupungua maji na boti nzito hungoja maji yajae huku mtu anazama. Jaketi ziwe za nguvu ya 150N kwa wafanyakazi. Zile za 50N ni za kusaidia mtu anayejua kuogelea na hazimgeuzi aliyezimia uso juu. Hesabu viti vya boti, zidisha mara mbili, ongeza za watoto. Boti isajiliwe KMA (Mamlaka ya Bahari ya Kenya) na nahodha awe na cheti chake. Gharama ya ukaguzi na usajili iandikwe ni ya nani.

Redio: VHF huona kama jicho linavyoona. Chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, cha pande zote mbili, jumlisha, zidisha kwa 2.2, utapata maili za bahari. Antena ya mita 25 Amu na ya mita 4 kwenye boti: 5 na 2 ni 7, mara 2.2 ni kama maili 15. Redio za mkononi baina ya watu wawili waliokaa botini ni maili 5 tu. Kwa hiyo Amu na Kiunga haziongei bila kituo cha kurudia. Mnunue mlingoti kabla ya kununua redio ishirini za mkononi. Leseni ya masafa inatoka Mamlaka ya Mawasiliano na inachukua muda, ombi liende wiki hii.

Mwisho, mahali pa kufikishia. Andika "ifikishwe stoo ya Faza", "ifikishwe stoo ya Amu". Ukiandika "Lamu" tu, lori litashusha Mokowe na kuondoka, na gharama ya jahazi na mahamali itakuwa yenu bila fungu.

BintiAmu

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Utepe tutaupeleka kesho.

Mhasibu, kuna mawili. Tathmini ya siku 10 tutaipigania. Lakini muda wa boti unanitia wasiwasi, karakana zinazoeleweka huomba miezi mitatu au minne. Na swali la pili: masika yanakaribia. Mto Tana ukifurika, barabara ya Witu hadi Garsen hukatika kama ilivyokuwa wakati wa El Niño ya 2023, na kuna anayependekeza fungu la mafunzo "liazimwe" kununua chakula na turubai endapo itatokea, kisha lirudishwe. Je, inafaa?

Mhasibu_Pwani

La kuazima, hapana. Ruzuku ya masharti haina kuazimana. Shilingi ya mafunzo ikinunua unga, hata unga wenyewe ukiwafikia wenye njaa wote na stakabadhi zote zipo, hayo ni matumizi nje ya masharti, na kaunti itatakiwa kuirudisha kutoka mapato yake. Awamu zinazofuata zinaweza kuzuiliwa mpaka irudi, na huo ndio ugonjwa unaoziua ruzuku nyingi nzuri.

Pesa za mafuriko zina mlango wao. Sheria hiyohiyo ya fedha, kuanzia kifungu cha 110, inaruhusu kaunti kuanzisha Mfuko wa Dharura kwa idhini ya bunge la kaunti. Ukomo wake ni asilimia 2 ya mapato yote ya kaunti ya mwaka uliotangulia, kwa hesabu zilizokaguliwa. Waziri wa fedha wa kaunti anaweza kuidhinisha malipo pakitokea haja ya ghafla isiyotarajiwa ambayo haina fungu, kisha ndani ya miezi miwili apeleke malipo hayo bungeni kuidhinishwa. Hesabu za mfuko huo huandaliwa peke yake na kufikishwa kwa Mkaguzi Mkuu ndani ya miezi mitatu baada ya mwaka kuisha. Kama mfuko haupo au hauna kitu, kifungu cha 135 kinaruhusu kutumia kabla ya bajeti ya ziada, isizidi asilimia 10 ya bajeti iliyopitishwa, na hapo pia ni miezi miwili.

Mafuriko yenyewe ndiyo yanayoingia kwenye kile kifungu cha 103: daraja limekatika usiku, watu wako juu ya paa, hapo nunua moja kwa moja. Hata hivyo bei isiwe ya kukisia wakati huo. Kifungu cha 114 kinatoa njia ambayo ofisi nyingi haziitumii: makubaliano ya jumla, hadi miaka 3, yenye wauzaji wasiopungua saba kwa kila aina ya bidhaa. Mnashindanisha mapema bei za turubai, mafuta, maji ya chupa na kukodi boti. Siku ya janga mnatoa LPO (hati ya kuagizia mali) tu. Kiasi hakifungwi, kwa hiyo hamlipi kitu kama janga halikuja. Anzeni sasa kwa mwaka ujao.

Mafuta ya boti na pampu yaandikwe katika bajeti ya matumizi ya kawaida ya idara, fungu lake peke yake, msiyachanganye na mafuta ya magari ya ofisi. Yakichanganywa yatakwenda kwenye mikutano. Na kama kaunti inapata pia ruzuku ya FLLoCA ya mabadiliko ya tabianchi, linganisha orodha zote mbili kabla ya kutangaza zabuni: tangi moja lisidaiwe mifuko miwili.

Kuhusu boti, fanyeni zabuni moja yenye loti tatu: loti ya pampu na mipira, loti ya boti na injini, loti ya redio na jaketi. Kila loti mshindi wake na mkataba wake. Huko si kugawa kwa kukwepa, kwa sababu njia ni ileile ya wazi kwa jumla ya thamani yote. Faida yake ni kwamba boti ikichelewa haizuii malipo ya pampu. Kwenye mkataba wa boti weka hatua zinazopimika: ganda limekamilika na kukaguliwa, injini zimefungwa, majaribio baharini, makabidhiano. Malipo yafuate hatua zilizokaguliwa, na sehemu itakayovuka Juni 30 iombewe kurudishwa kwenye bajeti mpya kwa barua inayotaja namba ya mkataba. Barua hiyo iende Mei. Aliyetoa ruzuku apate nakala pamoja na ratiba. Wengi huongeza muda wakiona mkataba uliosainiwa, na hukataa wakiona nia tu.

FundiGatini

Nyongeza ya mafuta ili mpate takwimu ya kupeleka kwenye bajeti. Injini ya nguvu 40 ya viharusi viwili ikiendeshwa kwa kasi yote hula lita 18 hadi 20 kwa saa. Mbili ni kama lita 40. Safari ya saa moja kwenda na saa moja kurudi ni lita 80, na kanuni ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba, kwa hiyo boti isitoke na chini ya lita 120. Injini za viharusi vinne hula kidogo zaidi ya nusu ya hapo zikienda kwa kasi ya wastani, ila bei yake iko juu. Huduma ya kwanza ni baada ya saa 20 za kazi, halafu kila saa 100. Hati ya zabuni idai vipuri vya huduma tatu: plagi, impela ya maji ya kupozea, chujio la kutenga maji na petroli, mafuta ya gia, na panga boi moja la akiba kwa kila injini. Vipuri hivi mkiviacha, boti hulala Mokowe kwa kukosa kitu cha kuweka mfukoni.

KaraniStoo

Nimeona hakuna aliyegusa makaratasi ya baada ya mali kufika, na huko ndiko hoja za ukaguzi huzaliwa.

Siku mali inapoletwa, asipokee mtu mmoja. Kifungu cha 48 cha sheria ya ununuzi kinataka kamati ya ukaguzi na upokeaji. Waitwe wakiwa na hati ya zabuni mkononi, siyo LPO peke yake, kwa sababu LPO itasema "pampu 3" na hati ndiyo yenye bari 6 na shaba nyeusi. Wafungue masanduku yote, wahesabu mipira mmoja mmoja na kuikunjua, waandike namba ya injini ya kila pampu kwenye cheti cha ukaguzi. Kisha S13 ya kupokelea, kisha leja, kisha S11 ya kutolea kwenda kituo husika. Namba ya injini iliyo kwenye cheti, ya kwenye S13 na ya kwenye daftari la mali ziwe zilezile. Tarakimu moja ikipinda, pampu inahesabika haipo. Alama ya mali ichongwe kwenye chuma. Ya karatasi haimalizi kusi moja.

Mafunzo yana shida yake. Orodha ya waliohudhuria iwe ya kila siku, kila siku sahihi mpya, yenye mtaa na namba ya kitambulisho, na posho ilipwe kwa njia inayoacha alama. Orodha iliyojazwa kwa mwandiko mmoja na kalamu moja hutambulika hata kwa mgeni. Ambatisha ratiba, jina la mkufunzi na barua yake, na ripoti fupi ya nini kilifanyika kwa vitendo. Masurufu yarejeshwe ndani ya siku 7 za kazi baada ya kurudi kituoni. Yakipita hapo hukatwa kwenye mshahara wa aliyeyachukua, na asiyerejesha ya kwanza hapewi mengine, kwa hivyo mafunzo ya Kizingitini yanaweza kukwama kwa sababu ya risiti za boti ya Faza. Nahodha wa boti ya kukodi apewe kitabu cha risiti kabla ya safari, msimtafute baadaye.

Ripoti ya robo mwaka inatoka ndani ya siku 15 baada ya robo kuisha. Andaa jalada moja la ruzuku lililotenganishwa na majalada ya kawaida: mkataba wa ruzuku mbele, kisha bajeti, mpango wa ununuzi, zabuni, mkataba, cheti, S13, vocha ya malipo, taarifa ya benki. Kila mwezi linganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, hata mwezi usiokuwa na malipo. Kumbukumbu za ununuzi zinatakiwa kutunzwa miaka 6, na hewa ya chumvi ya Amu inakula karatasi na pini, kwa hiyo piga nakala za kielektroniki uzihifadhi Mokowe na mahali pengine pia. Tumia uzi wa kufungia majalada, usitumie pini za chuma.

FundiGatini

Karani kasema kweli kuhusu kamati ya ukaguzi. Naomba moja tu liingie kwenye hati ya zabuni tangu sasa: jaribio la kupokea pampu ya Amu lifanyike gatini, siku ya bamvu, maji yakiwa yamepwa kabisa, kwa mipira yote 12 iliyounganishwa hadi nyuma ya mji, na mabomba mawili yakirusha kwa dakika 30 mfululizo. Tarehe mtaipata kwenye jedwali la maji; bamvu huja na mwezi mpya na mwezi mpevu, basi chagueni mbili za kwanza baada ya mali kufika, moja ya jaribio na moja ya kurudia. Cheti kisisainiwe asubuhi maji yamejaa.

BintiAmu

Nimeyaandika yote. Kesho asubuhi tunapima kichochoro na tunakipiga picha kiungio cha mpira wa zamani. Barua ya kuteua kamati ya tathmini nimeshaanza kuiandaa, na ombi la masafa linaondoka Jumatatu. Nitarudi na rasimu ya vipimo mniangalizie kabla ya tarehe 20.